Uso wa Othello

Katika nchi ya Wahaya, kuanzia Bukoba hata Muleba, watu wa zamani walipenda sana kusikiliza nanga. Nanga ni ubao uliochongwa ukafanana na mtumbwi mdogo, kisha ukatiwa nyuzi. Mpiga nanga huketi, akazigusa nyuzi kwa vidole, akaimba habari za mashujaa kama Rukiza na Kachwenyanja. Naye ni mtu mmoja tu, hana taji wala mkuki. Lakini akiimba maneno ya mfalme, sauti yake huwa nzito. Akiimba maneno ya mwanamke aliyefiwa, sauti hulegea, na wazee hunyamaza kimya. Wasikilizaji humwona shujaa, ingawa aliyeketi mbele yao ni jirani waliyemkuta asubuhi akipalilia migomba yake.

Hapo pana watu wawili katika mwili mmoja, jirani na shujaa. Na katika mchezo wa kuigiza ni vivyo hivyo. Wanafunzi wanapoigiza habari za Kuzaliwa kwa Bwana Yesu, kijana mmoja huvikwa joho na taji ya karatasi, akawa Herode. Watoto wadogo humwogopa wakajificha nyuma ya mama zao. Mchezo ukiisha, watoto wale wale humcheka wakimwona anakula ndizi pamoja na wenzake.

Basi, tuseme mchoraji anakuja shuleni siku hiyo na kutaka kuchora picha ya Herode yule. Atamchora nani? Atamchora mfalme mkatili wa Yudea, au atamchora kijana wa Muleba aliyevaa taji ya karatasi? Na chini ya picha ataandika jina la nani?

Swali hili si la mchezo. Mwaka 1826 mchoraji mmoja wa Uingereza, jina lake James Northcote, alichora picha ya namna hiyo. Picha hiyo ingaliko hata leo katika Jumba la Picha la mji wa Manchester. Jina lake ni "Othello, Mmoro wa Venice". Lakini uso ulio katika picha si wa Othello, maana Othello ni mtu wa hadithi. Uso ule ni wa kijana mmoja mweusi aliyekuwa hai, naye aliitwa Ira Aldridge. Kwanza yafaa kumjua Othello, kisha kijana yule, ndipo picha yenyewe itakapofahamika.

Mchezo wa Othello ulitungwa na William Shakespeare, nao ulichezwa katika jumba la mfalme huko London tarehe 1 Novemba 1604. Wasomaji wa Kiswahili wanamjua mtunzi huyu kwa kazi ya Mwalimu Julius Nyerere, aliyetafsiri michezo yake miwili: Juliasi Kaizari, uliotolewa mara ya kwanza mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi, uliotolewa mwaka 1969. Mchezo wa Othello nao huanzia katika mji huo huo wa Venice, mji wa wafanyabiashara uliojengwa juu ya maji.

Othello alikuwa jemadari wa majeshi ya Venice. Hakuwa mzaliwa wa mji huo. Alikuwa Mmoro, ndilo jina ambalo watu wa Ulaya wa zamani waliwapa watu wa Afrika ya Kaskazini, na mara nyingi watu weusi wote. Alipata cheo chake kwa ushujaa wake tu, kwa kuwa hakuwa na ndugu wala ukoo wa kumsaidia. Akampenda Desdemona, binti wa mzee mmoja wa baraza, naye Desdemona akampenda. Wakaoana kwa siri. Baba yake alipopata habari alighadhibika, akamshtaki Othello mbele ya baraza ya kuwa amemroga binti yake kwa dawa. Othello akajibu bila ya hofu. Alisema kwamba dawa yake ilikuwa hadithi tu: alisimulia habari za vita alivyopigana, na hatari alizoponea, na jinsi alivyopata kuuzwa utumwani akakombolewa. Desdemona alisikiliza, akamhurumia, akampenda. Wazee wa baraza walipomwita binti naye akathibitisha, hawakuwa na neno tena.

Baada ya hayo Othello alipelekwa kukilinda kisiwa cha Kipro, kile kile alikotoka Barnaba katika Matendo ya Mitume, kwa sababu Waturuki walitaka kukiteka. Katika jeshi lake alikuwamo mshika bendera aliyeitwa Iago. Iago alimchukia Othello, maana alitaka cheo, na cheo kile alipewa kijana mwingine, Cassio. Wahenga walisema, "Kikulacho ki nguoni mwako." Othello alimwita Iago mtu mwaminifu, naye Iago akamtilia maneno sikioni kidogo kidogo, kama atiaye sumu katika maji: kwamba Desdemona anampenda Cassio. Othello akataka aonyeshwe jambo hilo kwa macho. Basi Iago akaipata leso ambayo Othello alimpa mkewe kuwa zawadi, akaitupa chumbani kwa Cassio. Othello alipoiona leso mikononi mwa watu wengine, alidhani ameona yote.

Aliona leso, lakini hakuiona njia iliyopita. Hakumwita Cassio akamwuliza mbele ya Desdemona. Mkewe alipokana, hakumsadiki. Akamwua kitandani mwake, mtu asiye na hatia. Saa ile ile Emilia, mke wa Iago, akafunua hila yote, kwa kuwa ndiye aliyeiokota leso na kumpa mumewe. Othello akajua alilolifanya, akajiua. Majuto ni mjukuu, huja baadaye.

Sasa habari za yule kijana. Ira Aldridge alizaliwa tarehe 24 Julai 1807 katika mji wa New York, Marekani. Wazazi wake walikuwa watu weusi walio huru, wakati ambapo watu weusi wengi wa nchi ile walikuwa watumwa. Baba yake alikuwa mhubiri, naye alitaka mwanawe afuate kazi hiyo. Alimtia katika shule iliyofunguliwa kwa ajili ya watoto weusi mwaka 1787. Lakini kijana alivutwa na michezo. Katika New York palikuwa na kundi la waigizaji weusi, naye akaingia kwao. Kundi lile lilisumbuliwa na adui zake hata likavunjika. Aldridge akaona ya kuwa Marekani hapana njia kwa mwigizaji mweusi. Yapata mwaka 1824 akavuka bahari kwenda Uingereza, na mwaka 1825 akaanza kuigiza katika London. Othello alikuwa mmoja wa watu aliowaigiza.

Ili kufahamu ugeni wa jambo hili, yafaa kujua desturi ya siku zile. Tangu zamani za Shakespeare, waigizaji wakubwa wa Othello katika Uingereza walikuwa Wazungu. Walijipaka usoni rangi nyeusi au ya kahawia, wakatoka jukwaani. Mchezo ukiisha walinawa, na Othello akaenda na maji. Aldridge hakuhitaji kupaka kitu. Akamleta Othello jukwaani kwa uso wake mwenyewe.

James Northcote alipomchora, alikuwa mzee wa miaka karibu 80, na kijana aliyekaa mbele yake alikuwa hajatimiza miaka 20. Mzee huyu alijifunza kazi kwa Joshua Reynolds, mmoja wa wachoraji waliosifiwa sana Uingereza, tena alikuwa amekwisha kuchora picha nyingi za michezo ya Shakespeare. Alijua namna watu wanavyopenda picha za mambo makubwa: panga zimefutwa, wafalme wanakufa, wanawake wanalia. Kwa Othello angaliweza kukichora kitanda na taa, au leso, au Desdemona aliyelala. Hakuchora hata kimoja. Alichora kichwa na kifua cha mtu mmoja tu.

Mtu aitazamaye picha na aanze na macho. Aldridge hamtazami mtu aliye mbele ya picha. Uso umegeuka, na macho yanatazama kando, kana kwamba amesikia neno kutoka upande ule na bado hajajua kama ni la kweli. Mtu aujuaye mchezo hukumbuka mara moja maneno ya Iago. Othello huyu hajaua mtu. Labda angali anaweza kwenda kuuliza. Mchoraji ameisimamisha saa ile ambayo mambo yangaliweza kwenda vingine, ndiyo maana picha hii, isiyo na upanga wala damu, humtia mtazamaji wasiwasi.

Kisha na atazame rangi. Mtu aliyewahi kuingia katika msonge, nyumba ya Kihaya ya nyasi yenye mlango mmoja, ajua jinsi nuru inavyotenda. Aliyeketi karibu na mlango huangazwa upande wa uso unaoelekea nje. Kipaji kinang'aa, shavu lina wekundu kidogo, na upande wa pili huingia kivulini. Ngozi ya mtu mweusi si rangi moja. Ina kahawia, ina nyekundu, ina njano ya nuru, ina kivuli cha samawi. Aliyejipaka masizi hana rangi hizi, maana masizi huifunika damu isionekane. Northcote alikuwa na mtu hai mbele yake, akaichora ngozi yenye uhai. Karibu na shingo akaweka nguo nyeupe, na weupe ule huufanya uso uonekane vizuri zaidi. Nyuma yake hakuchora nyumba wala watu, basi jicho la mtazamaji halina pa kwenda ila kwenye uso.

Hapo ndipo tunapoona jibu la mchoraji kwa lile swali la Herode. Alimchora Othello, maana wasiwasi ule ni wa Othello. Tena alimchora Aldridge, maana paji lile na midomo ile si ya mtu wa hadithi. Lakini katika jina la picha ni mmoja tu anayetajwa, naye ni yule ambaye hakupata kuishi duniani.

Mwaka 1827 chama cha sanaa cha Manchester kiliipata picha hii, ikawa picha ya kwanza kabisa katika mali yake. Mwaka huo huo Aldridge aliigiza katika mji huo. Na Manchester ulikuwa mji gani? Ulikuwa mji wa viwanda vya nguo, na pamba nyingi iliyosokotwa humo ilichumwa na watumwa weusi katika mashamba ya Marekani. Siku zile utumwa ulikuwa haujaondolewa katika makoloni ya Waingereza, na soko la watumwa la Unguja halikufungwa mpaka mwaka 1873. Katika mji uliotajirika kwa pamba ya watumwa, uso wa mtu mweusi aliye huru ukatundikwa ukutani, si kama mtumishi anayeshika sinia nyuma ya bwana wake, bali peke yake, katikati ya picha.

Lakini kutundikwa ukutani si kukubaliwa na watu. Tarehe 25 Machi 1833 Edmund Kean, mwigizaji mashuhuri wa Kiingereza, alikuwa akiigiza Othello katika jumba la Covent Garden, London. Katikati ya mchezo nguvu zikamwishia, akaanguka mikononi mwa mwanawe aliyekuwa akiigiza Iago. Hakupona, alikufa mwezi wa Mei. Tarehe 10 Aprili mwaka ule ule Aldridge alisimama katika jumba lile lile akiwa Othello. Gazeti moja lilikuwa limeanza kumtukana hata kabla hajatokea jukwaani. Mengine yalisema ya kuwa si halali mtu mweusi kumshika mkono mwigizaji mwanamke wa Kizungu. Wako waliomshangilia, lakini baada ya kuigiza siku mbili tu akaondolewa. Na mwaka huo huo, mwezi wa Agosti, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuondoa utumwa katika makoloni yake.

Waandishi wale waliiona ngozi, lakini hawakuutazama uigizaji. Walifanya kosa lile lile la Othello: waliona leso, wakadhani wameona yote.

Aldridge hakukata tamaa. Kwa miaka mingi alizunguka katika miji midogo ya Uingereza, Ireland na Scotland, mahali ambapo watu walikuja kumtazama kwanza ndipo wakamhukumu. Mwaka 1852 akaanza safari za Ulaya, akapokewa kwa heshima katika nchi za Wajerumani, na mwaka 1858 akafika Petersburg, mji mkuu wa Urusi wa siku zile. Yeye alisema Kiingereza, na wenzake jukwaani walisema lugha yao. Hata hivyo watazamaji walilia.

Katika mji huo alichorwa tena. Mchoraji alikuwa Taras Shevchenko, mshairi wa Ukraine. Shevchenko alizaliwa mwaka 1814 akiwa mali ya bwana shamba, kama walivyokuwa wakulima wengi wa Urusi, asiye na ruhusa ya kwenda atakako. Mwaka 1838 alikombolewa kwa njia ya picha: mchoraji mkubwa Karl Bryullov alimchora mtu mashuhuri, picha ikachezewa bahati nasibu, na rubli 2,500 zikalipwa kwa bwana wake. Baadaye serikali ilimpeleka uhamishoni kwa ajili ya mashairi yake, akakatazwa kuandika na kuchora kwa miaka kumi. Alikuwa amerudi Petersburg mwaka ule ule alipokutana na Aldridge. Hawakujua lugha moja, wakasaidiwa na wakalimani. Mtu aliyekuwa mali ya mtu mwingine akamchora mtu ambaye ndugu zake wa rangi moja walikuwa wangali watumwa huko Marekani. Na picha hii ya pili haikuitwa kwa jina la Othello. Ni picha ya Ira Aldridge.

Aldridge alikufa tarehe 7 Agosti 1867 katika mji wa Łódź, nchi ya Poland, akiwa safarini kwa kazi yake. Alizikwa huko huko, mbali na New York alikozaliwa na mbali na London alikotukanwa. Katika Stratford, mji wa Shakespeare, jina lake limeandikwa pamoja na majina ya waigizaji wakubwa waliozichezea kazi za mtunzi yule.

Basi na turudi Muleba, kwenye mchezo wa shule. Kijana aliyekuwa Herode amevua taji yake, na mwenzake ajuaye kuchora anamwomba akae karibu na dirisha, nuru imwangukie usoni. Mchoraji huyo na asiwe na haraka. Na atazame kwanza jinsi kipaji kinavyong'aa, na macho yanaelekea wapi, na kivuli kinaanzia wapi. Asichore anachodhani kwamba Herode anafanana nacho, achore anachokiona. Na kazi ikiisha, aandike chini ya picha majina mawili: jina la mfalme aliyeigizwa, na jina la kijana aliyemwigiza.

MASWALI

1. Mpiga nanga na mwigizaji hufanana kwa jambo gani?
2. Baba yake Desdemona alimshtaki Othello kwa kosa gani, naye Othello alijibuje?
3. Othello aliiona leso. Eleza ni kitu gani ambacho hakukiona.
4. Kwa nini mchoraji hakuchora upanga wala kitanda katika picha yake?
5. Eleza kwa mfano wa msonge jinsi nuru na kivuli vinavyoonekana usoni.
6. Waandishi wa mwaka 1833 walifanya kosa gani? Linafananaje na kosa la Othello?
7. Picha ya mwaka 1826 na ya mwaka 1858 ni za mtu mmoja. Zinatofautiana nini kwa majina yake?
8. Mchore mwenzako aliyeketi karibu na mlango au dirisha. Mtazame kwa muda wa kutosha kabla ya kuanza.